Leseni hufia kwenye bahasha: barua ya wazi kwa wachungaji, maimamu na wazee wetu wa Clarkston

Wachungaji wetu, maimamu, wazee wa jumuiya, na nyinyi wote mnaopitisha kapu la michango kila mtu wetu anapokamatwa,

Shikamooni.

Naandika kwa Kiswahili kwa kusudi. Wabunge wa jimbo hili la Georgia, Marekani, wana watu wa kuwaandikia kwa Kiingereza, nami leo sina neno nao. Neno langu ni kwenu, kwa sababu hapa Clarkston mtu wetu akipata karatasi asiyoielewa hampigii simu mbunge. Anawapigia nyinyi. Na kwa kawaida anapiga akiwa amechelewa miezi minne au mitano, tayari yuko jela ya kaunti, anatafuta mtu wa kumwekea dhamana.

Wengi wenu mnanifahamu kwa sura. Nimezaliwa Uvira, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kazi yangu hapa ni ukalimani. Mabenchi ya mahakama za miji na kaunti zinazotuzunguka nimeyakalia kuliko mabenchi ya kanisa, Mungu anisamehe. Kesi zinazonifikia zaidi si za wizi wala za ngumi. Ni za mtu aliyekuwa anakwenda kazini, amefunga mkanda, hajanywa, hajamgonga mtu, isipokuwa leseni iliyo mfukoni mwake ilikuwa imefungiwa. Plastiki bado inang'aa, picha bado ni yake, tarehe ya mwisho bado mbali. Kwenye kompyuta ya serikali, leseni hiyo imekufa zamani.

Nianze na kosa langu, msije mkadhani nimekuja kuwanyooshea kidole nikiwa msafi.

Ilikuwa siku zangu za mwanzo. Kijana mmoja, mpakizi kwenye ghala (nimebadilisha mambo yake ili asitambulike), alisimama mbele ya hakimu bila wakili. Hakimu akamuuliza kama siku ile alijua leseni yake ilikuwa imeondolewa nguvu. Nami kwa haraka nikatafsiri: "Ulikuwa unajua kwamba umesimamishwa leseni?" Yule kijana akasikia neno moja tu, kusimamishwa. Akajibu kwa heshima, mikono nyuma kama alivyofundishwa shule: "Ndiyo, mheshimiwa. Niliona taa za bluu, nikasimama pembeni, nikazima gari." Nikatafsiri lile "ndiyo". Nilipofika kwenye taa za bluu, mwendesha mashtaka alikuwa ameshaanza kugeuza karatasi.

Wajibu wangu ulikuwa kunyoosha mkono niseme: mheshimiwa, neno nililochagua lina maana mbili, naomba swali lirudiwe. Sikunyoosha. Niliona aibu. Mstari wa watu ulikuwa mrefu, na karani alikuwa anatazama saa.

Baadaye, kwa mdomo wa wakili mmoja kwenye korido, ndipo nilipoelewa lile "ndiyo" lilikuwa na uzito gani. Kwa sheria ya Georgia haitoshi kuonyesha kwamba leseni ilikuwa imefungiwa. Upande wa mashtaka unatakiwa pia uthibitishe kwamba dereva alikuwa amepewa taarifa, ama kwa kujua kweli, ama kwa njia ambayo sheria inaihesabu kuwa ni taarifa. Kijana wetu aliikabidhi nusu ya kesi kwa neno moja, na neno hilo nililipika mimi. Tangu siku ile nasema "leseni imefungiwa". Nanyi mkiwa mnaeleza watu, nawaomba mtumie hilo hilo. Kusimamishwa tuwaachie polisi na magari.

Sasa kuhusu adhabu yenyewe, maana nimesikia hata wazee wenye busara wakisema "ni faini tu, tutachanga". Kifungu kinaitwa 40-5-121 na hakina utani. Mara ya kwanza ndani ya miaka 5 ni kosa dogo la jinai, na "dogo" hapo ni la wanasheria, si letu: kifungo kisichopungua siku 2 na kisichozidi miezi 12, na juu yake hakimu anaweza kuongeza faini ya dola 500 hadi 1,000. Unachukuliwa alama za vidole. Mara ya pili na ya tatu kinapanda daraja: siku 10 hadi miezi 12, faini dola 1,000 hadi 2,500. Mara ya nne si kosa dogo tena. Ni jinai kubwa, mwaka 1 hadi 5 gerezani, daraja moja na makosa ambayo mkiyasikia mimbarani mnashika kichwa. Na ukikutwa na hatia, kufungiwa kule kunaongezewa miezi 6. Mtu aliyebakiza wiki mbili arudishiwe leseni anaanza kuhesabu upya kwa sababu alishindwa kungoja wiki mbili.

Vijana wanaotaka kuendesha malori, na najua ni wengi, wana mstari wao peke yao kwenye sheria ya nchi nzima. Leseni ya lori ikifungiwa kwa makosa ya kwenye lori, nawe ukakamata usukani wa lori hata hivyo, mwaka 1 huendeshi. Ukirudia, ni maisha.

Halafu kuna karatasi za uraia. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa tiketi au kuwekwa kizuizini. Mama aliyelala jela usiku mmoja kwa ajili ya leseni atalieleza hilo kwa afisa wa uhamiaji miaka mitano baadaye, akiwa na kumbukumbu za mahakama mkononi kama amezitunza, na akihangaika kuzitafuta kama hakuzitunza. Tangu mwaka 2024 sheria ya Georgia inazitaka jela za kaunti zichunguze hali ya uhamiaji ya mgeni anayeingizwa humo na kushirikiana na maafisa wa uhamiaji. Siandiki haya kuwatisha watu. Wenye hadhi ya ukimbizi na wenye kadi ya kijani wana haki zao. Lakini mlango wa jela ni mlango ambao mtu wetu hapaswi kuupita kwa sababu ya bahasha.

Nimesema bahasha, na hapo ndipo nataka tukae.

Kwetu ukikutana na afande barabarani, mnamalizana pale pale, kwa njia moja au nyingine. Jambo lina mwanzo na mwisho na jua halijazama. Hapa kosa la barabarani lina miguu. Linaondoka pale barabarani, linakwenda mahakamani, kutoka mahakamani linakwenda idara ya leseni, na kutoka huko linarudi kwako kwa posta wakati umeshalisahau.

Baba mmoja aliniletea mfuko wa plastiki wa duka, umejaa. Tulikaa jikoni kwake. Alikuwa amekunja kila kitu pamoja: matangazo ya kuku wa bei nafuu, barua ya shule ya mtoto, kadi ya daktari wa meno, na katikati bahasha nyeupe kutoka serikali ya jimbo, haijafunguliwa, ina alama ya duara ya kikombe cha chai. Alikuwa ameitumia kuwekea chai. Nikaifungua. Ilimdai dola 200.

"Hizi nimelipa," akasema, akasimama, akaenda chumbani, akarudi na risiti. Na kweli alikuwa amelipa. Risiti ilikuwa ya mahakama, ina muhuri, ameitunza ndani ya Biblia. Tatizo ni kwamba alikuwa amelipa nyingine.

Georgia wana sheria ya madereva wa mwendo mkali, ilianza tarehe 1 Januari 2010. Ukikutwa na hatia ya kwenda maili 85 kwa saa au zaidi kwenye barabara yoyote, au maili 75 au zaidi kwenye barabara ya njia mbili, unalipa faini ya mahakama kama kawaida, halafu jimbo linakudai dola 200 za peke yake. Hazilipwi pale mahakamani. Zinakuja kwa barua. Una siku 120. Zikipita hujalipa, leseni inafungiwa, na kuirudisha unaongeza dola 50. Baba yetu alikuwa anakwenda zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha kuku upande wa Gainesville, barabara kuu ya 985 iko wazi, amechelewa, mguu umelala. Akapigwa tiketi. Akaenda mahakamani kama mwungwana, akalipa, akatunza risiti ndani ya Neno la Mungu. Kwa hesabu zake, jambo limekwisha. Kikombe cha chai kikakaa juu ya sehemu ya pili ya jambo kwa miezi mitano.

Mnaona alikosea wapi? Mimi pale nisipompa mtu mwaminifu namna ile pole, nitampa nani? Kosa lake la mwendo alilipia. Kosa lililomfanya mhalifu ni kutosoma Kiingereza cha serikali.

Njia nyingine za kufungiwa nitazipita haraka. Pointi unazoandikiwa kwa makosa ya barabarani: ukifikisha 15 ndani ya miezi 24 unafungiwa, na kulipita basi la shule lililosimama kunakupa 6 kwa mkupuo mmoja. Aliye chini ya miaka 21, kosa moja tu la pointi 4 linamtosha. Kuendesha umelewa, hilo mnalihubiri tayari. Kutolipa matunzo ya mtoto, hilo sijui kama mnalihubiri vya kutosha. Na kutofika mahakamani siku iliyoandikwa kwenye tiketi, ambalo kwa watu wetu ndilo kubwa kuliko yote: siku ile bosi hakumpa ruhusa, au alisoma tarehe kwa mtindo wetu, mwezi akaufanya siku na siku akaifanya mwezi. Tiketi iliyoandikwa 5/6 kwetu ni tarehe 5 Juni. Hapa ni tarehe 6 Mei. Nimetafsiri kesi ya mtu aliyefika mahakamani kwa suti, siku aliyoiona yeye kuwa sahihi, mwezi mzima baada ya jina lake kuitwa na kukosekana.

Nyumba tunahama kila mkataba ukiisha, kwa sababu ya kodi, mende au ndugu waliofika wapya. Sheria inampa dereva siku 60 kuijulisha idara ya leseni anwani mpya. Asipofanya hivyo, barua inakwenda kwenye mlango wa zamani, na mbele ya mahakama ni vigumu sana kujitetea kwamba haikufika wakati wewe ndiye uliyeiacha idara na anwani ya uongo. Mimi mwenyewe, mkalimani, mjuaji, nilihama mara mbili kabla sijaibadilisha ya kwangu. Nilinusurika kwa bahati tu.

Kuna usemi unaozunguka kwenye maegesho ya ibada zetu: "Endesha taratibu, fuata taa, polisi hana sababu ya kukusimamisha." Wapendwa, usemi huo ulizikwa tarehe 6 Aprili 2020. Huko Kansas polisi mmoja aliliona gari la pikapu barabarani. Dereva hakuwa amevunja sheria yoyote ya barabarani. Polisi aliandika namba ya gari kwenye kompyuta, ikamwonyesha kwamba mwenye gari, Charles Glover, leseni yake imefutwa. Akalisimamisha kwa hoja hiyo peke yake: pengine anayeendesha ndiye mwenye gari. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na majaji 8 kati ya 9 wakasema polisi alikuwa sahihi, mradi hana habari inayoonyesha kwamba dereva ni mtu mwingine. Kwa hiyo gari lililoandikishwa kwa jina la mtu aliyefungiwa linajishtaki lenyewe barabarani, hata likienda mwendo wa harusi.

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nikae niandike, na nitalisema taratibu maana linawahusu nyinyi zaidi.

Mwaka huu nilikaa na mwanamume anayeendesha gari la ibada. Sitaji ni ibada gani, na asije mtu akabahatisha. Kila siku ya ibada anachukua watu kumi na zaidi kwenye apatimenti tatu, wengi ni akina mama na watoto, anawaleta, anawarudisha. Leseni yake ilikuwa imefungiwa tangu kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Nikamuuliza kama viongozi wanajua. Akatazama viatu vyake. "Wanajua. Walisema wataniombea."

Kumwombea ni vyema. Lakini funguo mlimwachia.

Kifungu kinachofuata kile cha kwanza, 40-5-122, kinasema hivi kwa lugha ya kawaida: mtu haruhusiwi kuliacha gari lake, au gari lililo chini ya usimamizi wake, liendeshwe na mtu mwingine huku yeye mwenyewe akijua kwamba mtu huyo hana ruhusa ya kuendesha. Kwa hiyo siku lile gari litakaposimamishwa, au Mungu apishe mbali likagongana na kitu, swali halitakuwa la dereva peke yake. Wataulizwa pia walioshika kadi ya gari. Mawakili wa majeruhi hawaanzi na dereva maskini, wanaanza na nani alimpa funguo naye akijua. Na kampuni ya bima ikisikia mlijua, msitegemee itakuja mbio na hundi.

Najua jibu lenu, kwa sababu nimelisikia na lina ukweli ndani yake. Mtafanyaje? Treni ya MARTA, usafiri wa umma wa Atlanta, inaishia Indian Creek. Gainesville treni hiyo haifiki, na kaunti ya Gwinnett iliyo katikati ilipiga kura mwaka 2019 kukataa MARTA, ikapigiwa kura tena ya kodi ya usafiri mwaka 2024, ikakataa. Kiwanda hakingoji. Watoto hawali maelezo. Hayo yote ni kweli, na kama ningekuwa naandikia wabunge ningeyaweka mwanzo wa barua. Lakini ndani ya ibada moja yenye familia 60 hamkosi watu 20 wenye leseni hai. Nimeona mkipanga zamu za kupika msibani kwa nusu saa, kwenye simu, bila mtu kugombana. Mnashindwaje kupanga zamu za kumpeleka mtu kazini kwa miezi mitatu?

Na kwa wachungaji nina hadithi ambayo nadhani ni yenu kuliko yangu. Aliishi hapa hapa Georgia mchungaji aitwaye Bell, ambaye utumishi wake ulimlazimu kuzunguka kwa gari katika jumuiya tatu za shamba. Tarehe 24 Novemba 1968 mtoto wa kike wa miaka 5 akiwa kwenye baiskeli aligonga ubavu wa gari lake. Mchungaji hakuwa na bima. Wazazi wa mtoto wakadai dola 5,000. Idara ikamwambia aweke dhamana ya fedha hiyo au leseni ifungiwe, na haikutaka kusikia kwamba hakuwa na kosa katika ajali ile. Alipambana mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 24 Mei 1971 ikampa haki. Majaji walisema leseni ikishatolewa inaweza kuwa kitu cha lazima katika kutafuta riziki, na serikali haiwezi kumnyang'anya mtu bila utaratibu wa haki, bila kumpa nafasi ya kusikilizwa.

Kwa hiyo ile nafasi ya kusikilizwa ambayo watu wetu wanaitupa pamoja na matangazo ya kuku ililetwa na mchungaji wa Georgia aliyekataa kunyamaza. Iko ndani ya barua zile zile. Mara nyingi ukurasa wa pili unaeleza una siku ngapi za kupinga, upige wapi, ulipe nini, na wapi pa kuomba. Kwa baadhi ya makosa kuna hata kibali cha muda cha kwenda kazini, hospitali au shuleni. Si kwa makosa yote, na mtu lazima aombe. Hakuna anayekuletea mlangoni.

Ninachowaomba hakihitaji jengo wala fedha za kuchanga.

Acheni kumpa mtu funguo za gari la ibada kabla hamjaona hali ya leseni yake. Si kadi, hali. Idara ya leseni ya Georgia ina ukurasa kwenye tovuti yake unaoonyesha bure kama leseni iko hai. Dakika mbili. Fanyeni hivyo kila mwezi kwa kila dereva, na asione haya, nanyi msimfanye aone haya. Leseni ya dereva mzuri inaweza kufungiwa Jumanne naye asijue mpaka Ijumaa ya mwezi mwingine.

Mnapotangaza arusi na misiba, tangazeni na anwani. "Aliyehama mwezi huu asimame." Muulizeni kama amebadilisha anwani kwenye leseni. Mtacheka wote, lakini ataondoka amebadilisha.

Na mtu akiitwa mahakamani, msimwambie akubali kosa ili yaishe. Nimesikia ushauri huo ukitolewa kwa upendo, na ndio ushauri uliowaumiza watu wetu wengi kuliko mwingine wowote niliouona mahakamani. Mwambieni mambo matatu tu, ayaseme hata kwa Kiswahili: nataka mkalimani, nataka wakili, sijasema kama nina kosa. Mkalimani halipiwi na mshtakiwa. Wakili wa umma ataombwa kwa sababu kosa hili lina kifungo, na asiye na uwezo ana haki ya kumwomba. Kabla ya tarehe, kama kilichofunga leseni ni deni au tiketi ya zamani, alipe na aifungue kwanza. Mtu anayefika mbele ya hakimu na leseni iliyokwisha kufunguliwa, na karatasi ya kuthibitisha, mara nyingi anasikilizwa kwa sikio jingine. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi kiasi cha kutoona aibu kulisema. Kwa hiyo michango ile mnayokusanya ya dhamana, ikusanyeni mapema iwe ya kufungulia leseni. Dola 250 za yule baba wa kikombe cha chai zingekuwa zimemaliza kila kitu. Dhamana yake, wakili, gari kuvutwa na siku za kazi alizopoteza sitazitaja hapa kwa heshima yake, lakini nyinyi mliochanga mnajua hesabu.

Nimeambiwa na mzee mmoja kwamba mambo haya si ya kiroho. Sikumjibu, ni mkubwa kwangu.

Yule kijana wa ghala nilimtafuta baadaye. Tulikutana kwenye kituo cha basi, yeye akiwa na mfuko wa chakula cha zamu ya usiku, na nikamweleza nilivyotafsiri siku ile, neno kwa neno, na nilichopaswa kufanya. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama jambo hilo bado linaweza kurudishwa mahakamani, na nikampa namba ya wakili wa umma. Basi likafika. Kabla ya kupanda akatoa bahasha mfukoni, imekunjwa mara nne, ya juma lile. "Na hii inasema nini?"

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, nitakaa kwenye meza popote mtakaponipa kiti, kanisani, msikitini au kwenye ukumbi wa jumuiya, na kalamu, simu na miwani. Sitoi ushauri wa sheria, mimi si wakili. Nasoma tu, neno kwa neno, na kusema barua inataka nini na lini. Waambieni watu walete bahasha, hata zile zenye chai.

Mkalimani wenu,
Clarkston, Georgia